Mninga wa msituni, mninga wa brashi

Kabati limeshapigwa msasa namba 80, likaja 120, kisha 180. Ukilipapasa unaona kazi imekwisha. Fundi anachukua kitambaa, anakichovya kwenye ndoo ya maji, anakikamua vizuri, kisha analifuta kabati zima, kuanzia juu, milango, mbavu hadi miguu, mpaka mbao inakolea kwa unyevu. Halafu anakaa kwenye stuli na kumenya chungwa. Mteja asiyejua angepiga kelele, maana kila mtu amelelewa akiambiwa kuwa fenicha na maji havipatani. Mbao ikishakauka, fundi anakuita upapase tena. Pale palipokuwa laini sasa pana vinyweleo vinavyokwaruza kiganja.

"Hivyo vilikuwa vimelala," anasema. "Vingeamka siku ya vanishi."

Msasa haukati nyuzi zote za mbao. Nyingine hukatwa, nyingine hulazwa tu na kukandamizwa, na kimiminika cha kwanza kitakachozigusa kitazinyanyua. Mwenye haraka hugundua hilo akiwa ameshapaka vanishi, naye huanza kuusugua tena uso wenye vanishi mbichi, msasa unaziba, mikono inanata. Fundi huyu huziamsha kwa maji yasiyo na gharama, kisha huzikata kwa msasa namba 240 uliokwisha kuchakaa kidogo, akifuata urefu wa nyuzi, bila kukandamiza. Msasa mpya, anasema, una hasira. Vipande vilivyotumika amevipanga kwenye kopo la maziwa kwa namba zake, na anavichagua kwa kidole gumba.

Banda lake liko Kilosa mjini, nyuma ya soko: nguzo, mabati, na pazia la gunia upande unaotokea vumbi la barabara. Mtaani anaitwa Fundi, bila nyongeza. Useremala aliuacha kwa vijana. Kiuno, anasema, kimekataa randa. Siku hizi anapokea fenicha iliyokwisha kuundwa na kuipa uso wake wa mwisho. Anapaka pia kuta, na milango ya chuma, na ndiyo maana nilimfuata kutoka hapa hadi Mikumi. Lakini kabati kwanza.

Ni la mninga. Mti huu hukua polepole katika misitu ya miombo, ile inayoizunguka wilaya hii pande nyingi, na ukiutia panga hutoa utomvu mwekundu unaomtia mgeni wasiwasi. Mbao yake ni ya kahawia yenye dhahabu, na ndani mwake hupita michirizi myekundu na ya zambarau isiyofanana ubao hadi ubao. Haipindi ovyo, mchwa hawaipendi, na huchongeka bila ugomvi. Sifa hizo zimeupandisha bei na kuufanya uwindwe. Ubao halali hupita mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu na kugongwa nyundo yenye alama, na katika wilaya hii vipo vijiji, Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vikiwamo, vilivyotenga misitu yao na kuvuna kwa mpango, mkaa na mbao, eneo kwa eneo. Fundi ameiacha alama ya nyundo ionekane ndani ya kabati, kwenye ubao wa nyuma. Wengine huiparua. Yeye anaona ni sehemu ya kabati.

Sasa mashimo. Kuna tundu la msumari karibu na bawaba, na ufa mwembamba kwenye kona ya juu. Mafundi wengi huchanganya unga wa mbao na gundi nyeupe, wakaziba, wakasonga mbele. Ukifanya hivyo palipozibwa hubaki na doa, kwa sababu gundi ikishakauka hainywi tena kitu chochote. Mbao jirani inakolea, penyewe panabaki papauko. Yeye ameweka akiba ya unga uliotoka kwenye kabati hilihili lilipopigwa msasa, umefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa kwa penseli "mlango kushoto". Anauchanganya na tone la shelaki, anaukandika kwa ncha ya kisu, anaacha ujae kupita kiasi kidogo, maana utanywea. Kesho atausawazisha. Unga wa mlango wa kulia haufai kuziba mlango wa kushoto. Ule wa kulia una wekundu zaidi.

Shelaki ndiyo inayomtofautisha na vijana wa mtaa. Ni utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na nchi jirani zake. Husafishwa na kuuzwa kwa uzito katika magamba membamba yenye rangi ya asali. Huyeyuka kwenye spiriti. Kipimo chake ni robo kilo kwa lita moja, kwenye chupa ya kioo, kamwe si kopo la bati, kwa kuwa shelaki hugusana na chuma ikaingia weusi. Inalala usiku kucha, inatikiswa kila anapoikumbuka, na asubuhi inachujwa kwa kipande cha khanga iliyochakaa. Haidumu milele. Ikizeeka chupani hupoteza uwezo wa kukauka, na fenicha iliyopakwa hunata miezi. Kwa hiyo kabla ya kugusa kabati anadondosha tone juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Likiwa gumu kiasi cha kukwanguka kwa ukucha na kuwa unga, anaendelea. Likinata, chupa nzima inamwagwa, na hapo nimemsikia akiguna, maana shelaki si bei rahisi na Kilosa haipatikani. Humletea mtu kutoka Dar es Salaam.

Brashi haitumiki. Anakunja bonge la pamba ndani ya kitambaa cha fulana ya zamani, iliyofuliwa mpaka haiachi nyuzi, analifinyanga liwe na ncha upande mmoja ili lifike kwenye kona. Halichovyi. Analifungua, anamimina shelaki kwenye pamba, anafunga, kisha analigandamiza juu ya karatasi mpaka litoe alama yenye unyevu bila kutiririka. Hapo ndipo mkono unapoanza kutembea. Unaingia kutoka nje ya ubao ukiwa tayari katika mwendo, unapita, unatokea upande wa pili bila kusimama. Ukisimama hata kwa pumzi moja, spiriti iliyomo kwenye bonge inayeyusha tabaka la chini, kitambaa kinang'ang'ania, na ukikinyanyua unakinyanyua na kazi yako. Anagusa kama anayepangusa uso wa mtoto aliyelala. Kwanza mistari mirefu kufuata nyuzi, mpaka vitundu vya mbao vinywe na kushiba. Halafu miduara midogo inayosafiri, halafu namba nane zinazolalia upande, kila safari ikifunika nusu ya ile iliyopita. Bonge likianza kukwama, anatia tone moja la mafuta ya kitani kwa ncha ya kidole, akikosa ya kitani anatumia ya alizeti, na mwendo unalainika tena.

Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana. Hili ndilo gumu kwa mtazamaji. Bonge linakwenda na kurudi, spiriti inapaa, na uso wa mlango unabaki vilevile, au unaona hivyo. Kila tabaka ni jembamba mno. Ghafla, na sikuweza kusema ni mzunguko upi uliofanya hivyo, michirizi ya mninga haiko tena juu ya mbao. Iko ndani, chini kidogo, na ukisogeza kichwa inasogea. Fundi hakushangaa. Alifunga bonge kwenye mtungi wenye mfuniko ili lisikauke, akanawa mikono, akasema kabati lipumzike mpaka kesho.

Kesho yake ataona kilichofichika leo, maana shelaki ikikauka hunywea na kuonyesha kila kitundu kisichoshiba. Atarudia. Keshokutwa atarudia tena, kila siku shelaki ikiwa nyepesi zaidi na spiriti ikiwa nyingi zaidi, mpaka siku ya mwisho ambapo bonge lina spiriti peke yake, kidogo sana, la kuondoa ukungu wa mafuta yaliyobaki juu. Siku hiyo hataki maongezi. Bonge likiwa na spiriti zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, mzunguko mmoja unafuta kazi ya wiki.

Adui mwingine ni hewa. Kilosa iko bondeni, mto Mkondoa unapita chini ya milima, na masika yakiingia hewa inakuwa nzito. Spiriti inapopaa haraka huupoza uso wa mbao, na unyevu uliomo hewani huganda palepale kwenye vanishi mbichi: mlango uliokuwa unang'aa unageuka mweupe, umejaa ukungu usiofutika kwa kitambaa. Ndiyo maana haanzi kabla ya saa tatu asubuhi, umande haujaondoka, wala haendelei baada ya saa kumi jioni. Mvua ikitishia anafunga chupa hata kama mteja amesimama mlangoni na gari la kubebea. Dawa ya ukungu ipo: kupitisha bonge lenye harufu tu ya spiriti ili tabaka la juu liyeyuke kidogo na kuachia unyevu. Lakini dawa hiyo inataka mkono mwepesi kuliko ule ulioleta ugonjwa.

Vijana wa banda la jirani wana kompresa. Wanapuliza sila, wanasugua, wanapuliza klia, na kitanda cha futi sita kwa sita kilichoingia asubuhi jioni kinalala nyumbani kwa mtu. Sitaki kuwadharau, wala yeye hawadharau. Klia inastahimili mambo ambayo shelaki haiyawezi. Kikombe cha chai ya moto huacha duara jeupe juu ya shelaki, na glasi ya konyagi ikimwagika inaiyeyusha, kwa kuwa ni ndugu na spiriti iliyoipaka. Ndiyo sababu juu ya kabati hili, pale patakapowekwa vyombo, Fundi amempa mmoja wa vijana hao shilingi kadhaa ampulizie klia. Mbavu na milango, mahali pa kutazamwa, amevishika mwenyewe. Nilidhani wivu wa kazi ungemzuia. Alisimama pembeni na kumwelekeza kijana umbali wa kushika bunduki ya kupulizia.

Kuhusu kuta nitasema kidogo, ingawa ndizo zinazomlisha. Nyumba itakayopokea kabati iko upande wa mtoni, ya matofali ya kuchoma yaliyopigwa lipu. Kilosa inayajua maji: mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yaliingia mjini, yakahamisha maelfu ya watu na kuharibu reli. Kuta zilizowahi kuloa hivyo hubaki na chumvi, na chumvi hupanda kila msimu. Mwenye nyumba alitaka rangi ya mafuta sebuleni, ing'ae, ifutike. Fundi alibandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne na kukiacha kilale. Asubuhi nyuma ya nailoni palikuwa na matone.

"Mama, ukuta huu bado unahema," alimwambia. "Ukiuziba pua utatapika."

Rangi ya mafuta huziba. Unyevu unaotaka kutoka husukuma rangi, inavimba, inabanduka vipandevipande. Lipu mpya nayo ina ukali wake, unaoigeuza rangi ya mafuta kuwa sabuni taratibu. Hiyo inataka kuachwa wiki nne hivi kabla ya kupakwa. Kwa hiyo sebule ile ikapata chokaa. Watu wengi wanaiona chokaa ni rangi ya maskini au ya zizi la ng'ombe, nami naona ni dharau isiyo na msingi. Kuta za mawe za Lamu na Unguja, zenye zidaka za kuwekea vyombo, zilipambwa kwa chokaa ya matumbawe, na zinapendeza hadi leo. Kazi yake ni ya ajabu kidogo: jiwe huchomwa likapoteza hewa iliyomo, likazimwa kwa maji kwa kishindo cha mvuke, likapakwa ukutani, na hapo linaanza kuivuta hewa ileile na kurudi kuwa jiwe. Unyevu unapita, chokaa haibanduki.

Fundi aliilowanisha chokaa siku kadhaa kabla, akaichuja, akatia chumvi kidogo ili isikauke upesi, na bluu ya kufulia kiasi cha kubana kwa vidole viwili ili weupe usiwe na umanjano. Aliulowesha ukuta kwanza kwa maji. Kisha akapaka nyepesi, nyepesi mno, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na ikiwa mbichi huioni kabisa. Mwenye nyumba alimtazama kwa shaka. Kesho yake ukuta ulikuwa umepauka. Tabaka la tatu lilipokauka ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Chini, hadi kimo cha mita moja hivi, pale watoto hugusa na fagio hugonga, alipaka rangi ya udongo mwekundu aliyoikoroga kwenye chokaa hiyohiyo. Mstari wa kugawa rangi mbili aliupata kwa uzi uliopakwa masizi, ukavutwa kutoka kona hadi kona, ukaachiwa mara moja, ta! Halafu akaufuata kwa brashi ya inchi mbili, bila selotepu, akishikilia pumzi kwa kila urefu wa mkono. Nimeweka rula baadaye. Sikupata cha kusema.

Mikumi ni kazi ya namna nyingine. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, malori yanapita mchana na usiku, na upande mmoja iko Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Nyumba mpya zinachipuka kila kona, za wafanyabiashara, za wenye gesti, za watumishi, na karibu kila moja ina mlango wa chuma. Sababu zinaeleweka. Mlango wa mninga wa mbele ni fedha nyingi, mwizi anaujua, na chuma huchomelewa kwa siku mbili. Lakini mwenye nyumba hataki kuona chuma. Anataka mninga. Kwa hiyo anamwita fundi wa rangi amchoree.

Wapo wanaoicheka kazi hii na kuiita udanganyifu. Ningekubaliana nao kama nisingeuona mlango huu.

Mlango ulifika na kutu ya kwanza kwenye maungio ya kuchomelea. Kijana wake, mhitimu wa useremala wa chuo cha VETA hapo hapo Mikumi, aliushambulia kwa brashi ya waya, akaja na msasa, akaufuta kwa tina mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Redoksaidi ikafuata, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikalala siku nzima. Andakoti, siku nyingine. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupaa tu kama maji. Inavuta hewa na kukomaa taratibu kuanzia juu kwenda chini. Ukiiwahi kwa tabaka la pili, juu panavutika, chini bado laini, na uso wote unakunjamana. Kijana aligusa kwa ncha ya kidole na kusema imekauka. Fundi alikandamiza kidole gumba na kukizungusha; alama ikabaki. Wakaenda kula.

Rangi ya msingi ndiyo siri, na watu wengi huikosea. Hapaki kahawia. Fundi alitoa kwenye mfuko wake kipande cha mninga halisi, mabaki ya kabati la Kilosa, akakilowesha kwa mate kukitazama, akatafuta rangi iliyo nyepesi kuliko zote ndani yake, ule umanjano uliojificha kati ya michirizi. Akachanganya krimu, manjano kidogo, kahawia tone. Mlango mzima ukawa na rangi ya uji wa ulezi mwepesi, na mwenye nyumba akatoka nje, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno.

Bati la mlango lilikuwa tambarare. Halina fremu, halina paneli, halina maungio. Mlango wa mbao wa kweli una mihimili miwili iliyosimama, mitatu iliyolala, na paneli katikati, na nyuzi za kila kipande huenda kwa urefu wa kipande chenyewe. Fundi wa kawaida huchora mistari kutoka juu hadi chini kwenye bati lote, na jicho hukataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini. Huyu alichukua futi na penseli, akauunda mlango kwanza. Alipima upana wa mihimili kama seremala. Akaamua ni ipi inayopita na ipi inayoishia kwenye ungio. Kisha akapaka kwa utaratibu uleule: paneli kwanza, zikakauka, halafu mihimili ya kulala, selotepu ya karatasi ikizuia kingo, mwisho ile ya kusimama.

Kahawia aliilainisha kwa tina mpaka ikawa inapitisha mwanga, akaipaka kwenye paneli moja tu, kwa sababu baada ya dakika kumi au kumi na tano itaanza kushika na haitachoreka tena. Kitana chake ni kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kimekatwa meno kwa wembe, meno yasiyolingana makusudi. Anakiburuza kutoka juu kwenda chini, mkono ukitetemeka kidogo mahali fulani, si mahali pengine. Anapogeuza kitana kwa pembe, mistari inakaribiana. Anakirudia kwa kitambaa kilichofunika kidole, anatoa mwanga hapa, anaacha giza pale. Mwisho anachukua brashi pana, kavu kabisa, anaipitisha kwa ncha za nywele tu, na mistari iliyokuwa mikali inayeyukiana. Katika rangi hiyo hiyo ya mafuta inayong'aa, ile ya makopo ya dukani, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mwaka 1968. Kopo halijabadilika sana.

Paneli ya chini kijana aliomba ajaribu. Alichora vizuri, nyuzi zikapinda kwa ustadi, akaweka jicho la mbao katikati, akalizungushia miduara, akaona limependeza, akaweka la pili. Fundi alisimama, mikono nyuma.

"Wewe seremala," alisema. "Ungeenda kununua ubao kwa ajili ya mlango wa mbele, ungeuchagua huu?"

Kijana alitazama. "Hapana, mzee. Macho mawili yamekaribiana. Utapasuka."

"Basi usiuchore."

Kitambaa chenye tina kikapita, paneli ikarudi kuwa uji. Rangi ilikuwa bado mbichi, hakuna kilichopotea ila dakika chache. Mara ya pili kijana alichora ubao ambao seremala mzuri angelipia: nyuzi zilizonyooka karibu na kingo, wimbi moja pana katikati, bila jicho hata moja. Jicho liko mlango mzima mahali pamoja tu, juu ya mhimili wa kushoto, dogo, na nyuzi zimelikwepa kwa upande kama zinavyofanya mtini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mlango huu haufanani na ile mingine ya mtaa. Wengine wanachora alama za mbao. Hawa walikuwa wakinunua mbao, kipande baada ya kipande, kutoka kwenye ghala lisilokuwepo.

Mistari ya maungio ilikuja mwisho, kwa brashi nyembamba na ubao wa kuegemezea mkono, myeusi isiyo myeusi kabisa, upande mmoja tu wa kila ungio, ule ulio mbali na jua. Halafu vanishi mara mbili, ya pili ikisubiri ya kwanza ikomae.

Ilipopakwa ya pili jua lilikuwa linaelekea milimani. Mwenye nyumba alikuwa ameshautazama mlango mara nyingi, ameugonga, amecheka mwenyewe kwa mlio wa bati, ameita jirani naye agonge paneli iliyokauka. Alipoleta funguo Fundi alizirudisha mkononi mwake.

"Usifungwe leo."

"Fundi, nitalalaje na mlango wazi? Hapa nyani wanaingia mpaka jikoni."

"Ukifungwa vanishi itashikana na fremu. Asubuhi utaufungua kwa nyundo, nami nitaurudia wote. Kesho jioni, dada, si leo."

Ukazuka ubishi mrefu, kwa heshima lakini mrefu, jirani akiunga mkono upande huu kisha ule. Wazo la kuegemeza kiti lilikataliwa, kwa sababu kiti kingegusa paneli. Wazo la pazia lilikataliwa na mwenye nyumba. Hatimaye kijana akatumwa kuleta mkeka na chandarua, atalala kizingitini, na mwenye nyumba atatoa chakula cha usiku na soda. Fundi aliingiza kipande cha mti chini ya mlango ili upepo usiusogeze, akapima kwa kidole nafasi kati yake na fremu, akakitoa, akakichonga kidogo kwa kisu, akakirudisha.

"Ukigeuka usingizini," alimwambia kijana, "geukia nje."